Mgongo, mawe ya Mugunga na pesa ya mwenye pikipiki

Swali ambalo motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, humpelekea daktari baada ya kupasuliwa mgongo ni fupi: nitarudi lini barabarani? Majibu nayo ni mafupi. Miezi mitatu. Miezi sita. Au: achana na pikipiki, tafuta kazi nyingine. Majibu haya matatu hutolewa kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa aina moja, na jibu moja hutolewa kwa watu wasiofanana kwa lolote isipokuwa kovu la kiunoni. Siwalaumu sana madaktari. Anayeuliza "lini" anauliza mambo manne kwa mpigo: nilipasuliwa nini, nitapita njia gani, nitabeba nini, na jioni nitamkabidhi nani kiasi gani. Kwa mtu wa Mugunga, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, hilo la kwanza ndilo jepesi.

Msimamo wangu niutaje mapema. Kwa upasuaji ulio wa kawaida zaidi, mgongo hupona mapema kuliko mtaa unavyoamini. Kinachochelewa kupona, au kisichopona kabisa, ni kazi. Kupanda pikipiki ni jambo moja. Kufanya umotari kati ya Mugunga, Ndosho na Birere tangu alfajiri hadi giza, na pikipiki si yako, ni jambo jingine. Mawili hayo yakichanganywa, mgonjwa ama hukatazwa asichopaswa kukatazwa, ama huruhusiwa kitu kitakachomrudisha kitandani.

Tuanze na kilichopasuliwa. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, yaani mto wa gegedu wenye kiini laini katikati. Ukichanika, kiini hutoka na kubana mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni. Ndipo mtu husikia moto ukianzia kiunoni, ukipita takoni, ukishuka nyuma ya paja hadi kisiginoni au kidole gumba. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walichapisha ushahidi kwamba maumivu hayo ya mguu yanaweza kutokana na diski, na kwamba kuondoa kipande kilichotoka huyaondoa. Tangu mwaka 1977 upasuaji huo unafanywa pia kwa darubini, kupitia tundu dogo, misuli ikisogezwa badala ya kukatwa. Ndio upasuaji ambao watu wengi humaanisha wanaposema fulani amepasuliwa mgongo.

Kuna jambo juu yake lisilosemwa vya kutosha kwenye korido za hospitali: mara nyingi kazi yake ni kuharakisha. Henrik Weber wa Norway alifuatilia wagonjwa wake kwa miaka kumi, na katika ripoti yake ya mwaka 1983 waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka mmoja, lakini kadiri miaka ilivyokwenda tofauti ilififia. Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 283: nusu walipelekwa kisuni mapema, nusu waliambiwa wasubiri na kupasuliwa ikibidi tu. Baada ya mwaka, asilimia 95 ya kila upande walisema wamepona. Walioanza na kisu walipona haraka zaidi, basi. Na asilimia 39 ya wale wa kusubiri waliishia kupasuliwa nao. Kwa mtu anayekula alichokipata leo, kupona haraka si jambo dogo, na simshangai motari anayeuza mbuzi na godoro ili apasuliwe. Ila yule asiye na cha kuuza ajue kwamba hajahukumiwa ulemavu, maadamu hana dalili za hatari nitakazozitaja mbele.

Je, baada ya upasuaji wa diski mtu akae chini muda gani? Desturi ya zamani ilikuwa kumfungia kila kitu: usikae, usiiname, usibebe. Eugene Carragee wa Marekani aliijaribu desturi hiyo kwa kuiondoa. Mwaka 1999 alitoa matokeo ya wagonjwa 152 walioruhusiwa kurudi kwenye shughuli zao mara tu walipojisikia. Kwa wastani walirudi kazini baada ya wiki moja na kidogo, na diski hazikutoka tena kwa wingi kuliko ilivyozoeleka. Hapo mtu anaweza kuruka kwa furaha na kuitafuta funguo ya pikipiki. Asubiri. Wagonjwa wale hawakubeba watu wawili na gunia juu ya mawe. Funzo la Carragee ni jingine: mwili uliopasuliwa diski si yai, na kulala miezi mitatu hakumlindi mtu, humdhoofisha misuli ileile itakayotakiwa kuushika mgongo atakapopanda tena. Kutembea kwa miguu kuanzia siku ya kwanza au ya pili ni tiba. Mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo, yule ambaye Goma humwita kine, huanza vizuri kati ya wiki ya nne na ya sita.

Aliyewekewa vyuma na skrubu ili pingili mbili ziungane na kuwa mfupa mmoja yuko kwenye kalenda nyingine kabisa. Skrubu za kupita kwenye nguzo za pingili, ambazo Mfaransa Raymond Roy-Camille alianza kuzitumia mwaka 1963, hushikilia tu. Kinachounga ni mfupa, na mfupa huchukua miezi mitatu, sita, wakati mwingine mwaka. Mfupa usipounga, skrubu hulegea au hukatika, kama chuma chochote kinachopindwa huku na huku kila siku. Kwa mtu huyu kauli ya "najisikia vizuri" haitoshi. Picha ya eksirei ndiyo inayosema. Na sigara ni adui wa wazi wa kuunga kwa mfupa.

Kundi la tatu ni la waliovunjika pingili kwa ajali, na hapo pikipiki yenyewe mara nyingi ndiyo iliyosababisha. Si kila pingili iliyovunjika hupasuliwa: ikiwa haijabana mishipa na imetulia, kuna ushahidi mzuri kwamba mkanda mgumu na subira hutoa matokeo yaleyale. Kundi la nne nalitaja haraka ingawa linastahili makala yake: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sehemu kama Mugunga, iliyowapokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 na kisha mawimbi ya Wakongo waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, watu wakilala wamebanana chini ya mahema, haiwezi kuusahau ugonjwa huo. Motari mwenye maumivu ya mgongo, anayekonda na kutokwa jasho usiku, asiambiwe na mtu yeyote kwamba ni barabara. Apimwe.

Sasa tufike barabarani. Mugunga iko magharibi mwa Goma, kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya kwenda Sake. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, iliyoingia mjini, na ile ya tarehe 22 Mei 2021, iliyosimama kwenye vitongoji vya kaskazini, hazikufika huku. Mawe ya Mugunga ni ya zamani zaidi. Lakini ni mawe. Ukiiacha barabara kuu na kuingia mitaani, hakuna udongo wa kulainisha chochote. Ni mgongo wa lava iliyoganda, wenye meno, na kati ya meno hayo mvua imechimba mashimo ambayo watu huyajaza kokoto za lava ileile. Gurudumu halibingiriki juu ya njia ya namna hiyo. Linagonga, linaruka, linagonga.

Mwili wa mtu aliyeketi una mtikisiko wake wa asili, kati ya mara nne na sita kwa sekunde. Kiti kikitikisika kwa kasi hiyo, uti wa mgongo haupunguzi mtikisiko, unauongeza. Pikipiki inayotambaa juu ya mawe kwa mwendo wa mtu anayekimbia huangukia karibu na hapohapo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 sheria ya kumlinda mfanyakazi dhidi ya mtikisiko wa mwili mzima: kipimo cha wastani wa saa nane kikifika 0.5 (mita kwa sekunde mraba), mwajiri achukue hatua, kikifika 1.15, kazi isimame. Watafiti wa Taiwan waliwapima waendesha pikipiki mwaka 2009 kwa viwango vya kimataifa, na wengi wao walivuka mstari, wakiwazidi mbali madereva wa magari madogo. Hao walikuwa kwenye barabara za Taiwan.

Tena mtikisiko wa kuendelea si adui mkubwa kuliko mshtuko mmoja. Pigo moja la ghafla, gurudumu la nyuma likitumbukia shimoni huku umelegea kwenye kiti, hufikisha kwenye diski nguvu ambayo saa nzima ya lami haifikishi. Ndiyo maana wanaoshindana kwa pikipiki porini husimama juu ya vikanyagio: magoti na nyonga huchukua pigo kabla halijafika kiunoni. Motari mzoefu hufanya hivyo bila kufundishwa, anainuka kidogo akiona shimo. Lakini tazama kinachotokea akipakia watu wawili. Anasukumwa mbele mpaka anaketi nusu juu ya tangi. Magoti yanapanda, nyonga zinajikunja, kiuno kinapinda kwa nje kama upinde. Kuinuka hawezi tena, kwa sababu wa nyuma yake atayumba. Kwa hiyo abiria wa pili hampunguzii motari nafasi tu. Anamnyang'anya magoti, ambayo ndiyo shokapu pekee anayoimiliki yeye mwenyewe.

Na shokapu za pikipiki? Boxer na TVS zina springi mbili nyuma, na chini ya kila springi kuna pete yenye ngazi ngazi inayozungushwa kwa spana. Wamotari huikaza hadi mwisho ili pikipiki isilale ikipakia gunia la makaa kutoka Sake. Halafu kila mmoja hupanda hivyohivyo akiwa peke yake, na springi iliyokazwa kwa ajili ya kilo mia mbili haishuki kwa ajili ya kilo sitini; inamrudishia kila jiwe kiunoni. Anayerudi barabarani baada ya upasuaji ana kazi ya dakika tano kwa fundi kabla ya kazi nyingine yoyote: kulegeza pete hizo na kupunguza upepo uliozidi kwenye matairi. Hakuna kidonge kitakachomfanyia hilo.

Juu ya kuketi kwenyewe, sayansi ina ugomvi wa kuvutia. Alf Nachemson wa Sweden, aliyechoma sindano za kupimia ndani ya diski za watu walio hai, alifundisha vizazi viwili vya madaktari kwamba kukaa huibana diski kuliko kusimama, kwa karibu nusu zaidi. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walirudia kwa kifaa cha kisasa, ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, wakimpima usiku na mchana. Kusimama kulitoa megapaskali 0.50, kukaa kwa kulegea bila kuegemea 0.46. Karibu sawa. Kukaa umeinama mbele kabisa kulipanda hadi 0.83. Kwa hiyo katazo la "usikae" halina nguvu liliyopewa. Katazo la "usikae umejikunja" ndilo lenye mashiko, na tumekwisha kuona nani hukaa amejikunja.

Kipimo kilichonivutia zaidi katika kazi ya Wilke hakihusu kiti. Mtu yule alipoinua mzigo wa kilo 20 kutoka sakafuni akiwa amepinda mgongo, diski ilibanwa kwa megapaskali 2.30. Alipochuchumaa na kuinua huohuo kwa magoti, 1.70. Alipoushika karibu na kifua, 1.10. Kilo 20 ni bidoni moja ya maji ya lita ishirini. Mugunga, mtaa unaokalia lava, maji hayachimbwi uani. Huchotwa bombani na kubebwa. Mwanamume aliyekatazwa pikipiki kwa miezi mitatu na akatii, lakini kila asubuhi anamsaidia mkewe kuinua bidoni mbili, amejiepusha na dogo na kulikumbatia kubwa. Sijui kama kuna swali linalosahaulika zaidi siku ya kutoka hospitali kuliko hili: nyumbani kwako maji hufikaje?

Pikipiki nayo ina bidoni zake zilizojificha. Kuisimamisha kwenye stendi ya katikati ni kuinua na kuvuta kwa wakati mmoja, kiwiliwili kikiwa kimegeuka upande. Kuiwasha kwa kiki ni kuruka kwa mguu mmoja huku mgongo ukijinyonga. Kuisukuma ikiwa imekwama kati ya mawe mawili, kuizuia isianguke abiria anapopanda kwa kujirusha, kukanyaga chini na kukuta mguu umeingia shimoni: haya ndiyo yanayomuumiza aliyepasuliwa, kuliko kilomita za lami kutoka Ndosho hadi Katindo. Betri nzima na starta inayofanya kazi ni vifaa vya tiba. Pikipiki za umeme zilizoanza kuenea Kigali tangu 2019 zina faida hapa, kwani hazina kiki na injini yake haitetemi, ingawa mawe hayajali pikipiki inakula nini.

Kabla ya kuuliza kama mgongo uko tayari, miguu iulizwe. Mshipa uliobanwa kwa miezi kadhaa haurudi mara moja hata diski ikiondolewa. Unyayo wa kulia ndio wenye breki ya nyuma. Kuikanyaga kunataka misuli ya ndama, ambayo hupata amri hasa kutoka kwenye mshipa unaotokea chini tu ya pingili za kiuno. Kushoto kuna gia. Kwa kibao cha kisigino na vidole mtu huweza kujisaidia, lakini aliyedhoofika uwezo wa kuinua unyayo atakwama kila anapotaka kuingiza vidole chini ya kibao. Jaribio ni rahisi na halihitaji mashine: asimame kwa mguu mmoja, ajiinue kwa vidole mara kumi, kisha mguu wa pili, atembee kwa visigino hatua kumi. Mguu wa kulia ukishindwa kuinua mwili, huyo hana breki, na abiria wake hana taarifa. Afya ya mgongo haihusiki tena hapo. Ni suala la usalama barabarani. Nyayo zenye ganzi nazo hazisikii ekzosi inayounguza wala jiwe linaloteleza.

Dawa pia. Tramadoli hununuliwa kirahisi mno, na motari anayetaka kumaliza siku humeza asubuhi. Humlegeza maumivu na humlegeza macho. Sindano za diklofenaki za mara kwa mara humla tumbo na figo polepole, tena huficha ishara ambayo angeitumia kujua kwamba leo amezidisha. Ambaye hawezi kuendesha bila dawa hajawa tayari kuendesha.

Dalili zisizongoja ni hizi: kushindwa kukojoa au kujikojolea, ganzi kati ya mapaja pale panapogusa kiti, mguu kuishiwa nguvu siku hadi siku, na kwa aliyepasuliwa, homa na usaha kwenye kidonda. Kwa zile za mkojo na ganzi, madaktari huhesabu kwa saa, na saa 48 zikipita nafasi ya kurudi kama zamani hupungua. Hapo ndipo umbali wa Mugunga unapokuwa ugonjwa wa pili.

Kwani huduma ziko wapi? Goma ina majina yanayojulikana: HEAL Africa, iliyoasisiwa na Jo Lusi, daktari bingwa wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn, Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umekuwa ukipasua majeruhi wa vita, na kituo cha Shirika la Umoja, chenye mazoezi ya viungo na viungo bandia. Vita vinapokaribia, kama vilivyofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, vyumba vya upasuaji hujaa risasi na vipande vya mabomu, na diski ya motari husogezwa nyuma ya foleni. Siwezi kusema ni dhuluma. Ila matokeo yake ni kwamba wanaoweza huvuka mpaka kwenda Kigali, na wachache hufika Kampala au Nairobi. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari ileile, barabara ndiyo iliyobaki.

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani wapangaji wa tiba hawalioni. Safari ya kwanza ya pikipiki baada ya upasuaji huwa si ya kuendesha. Ni ya kubebwa, siku ileile ya kutoka hospitali. Mgonjwa amekaa garini saa tatu au nne kutoka Kigali, amevuka mpaka kwa miguu, na kutoka hapo hadi mlangoni kwake Mugunga anapanda nyuma ya mwenzake wa kijiweni, aliyekuja kumpokea kwa upendo. Kiti cha nyuma kiko juu ya gurudumu la nyuma, mahali pigo linapopanda moja kwa moja. Abiria haoni shimo linalokuja, hana usukani wa kushika, hana pa kujiinulia. Kubebwa ni kubaya kuliko kuendesha. Nauli ya teksi siku hiyo moja ingehesabiwa ndani ya gharama za upasuaji, pamoja na nyuzi na bendeji.

Gharama ndiyo inayopanga kalenda ya kweli. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii iliijenga upya kasha la taifa, lakini kasha hilo limesimama juu ya michango ya mwajiri na mfanyakazi mwenye mkataba. Motari hana mwajiri. Ana mwenye pikipiki, na wa pili huyu hadai michango bali pesa yake ya kila jioni. Kinachomsaidia mgonjwa ni likelemba ya kijiwe, yaani mchango wa zamu, harambee ya kanisa, shemeji aliyeko Butembo. Kikiisha hicho, huuza pikipiki kama alikuwa nayo. Basi fikiria mahali alipo: amepona, lakini chombo alichoponea hakipo, na anarudi kuanza kama dereva wa mtu, kwa masharti ya mtu, akiwa na deni. Ndiye atakayekaza springi na kupakia watu wawili wiki ya tano. Hakushindwa kumsikia daktari. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa siku ya leo.

Kwa hiyo ushauri wa "tafuta kazi nyingine" hauna maana mpaka itajwe kazi ipi. Kubeba mizigo sokoni ni mbaya zaidi. Tshukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ni mbaya mara mbili: kusukuma nusu tani mlimani na kuizuia kwa mwili mteremkoni. Kibanda cha kutuma na kupokea pesa kwa simu kinafaa mgongo, hasa tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025 na simu ikawa ndiyo benki, lakini kinataka mtaji. Umotari huuingii kwa mtaji. Unauingia kwa kuaminiwa. Ndiyo sababu watu huurudia, na ndiyo sababu naona busara kuubadilisha umbo kuliko kuukataza.

Wanaopenda mifano mikubwa wana Wayne Rainey, Mmarekani bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mara tatu, 1990 hadi 1992, aliyevunjika mgongo Misano, Italia, Septemba 1993 na kupooza kuanzia kifuani. Mwaka 2019, huko Suzuka, Japani, aliendesha tena, gia zikibadilishwa kwa mkono na watu wakimshika pikipiki ilipoanza na iliposimama. Kisa chake ni kizuri, lakini kinasema pia kilichohitajika: chombo kilichorekebishwa kumfuata mtu, njia laini, na wenzake pembeni. Motari wa Mugunga anahitaji kiasi kidogo tu cha hayo matatu. Kijiwe kinaweza kumpa zamu za barabara kuu, abiria mmoja mmoja, na kuwaachia wengine zile za mitaa ya mawe na za makaa. Kijana wa kijiweni anaweza kuisimamisha pikipiki kwenye stendi. Mwenye pikipiki anaweza kukubali nusu ya pesa ya jioni kwa majuma kadhaa na zamu ya nusu siku, dereva mwingine akiichukua pikipiki mchana. Vijiwe vinavyojua kuchangia mazishi vinajua pia kupanga zamu.

Tatizo ni kwamba mwenye pikipiki haambiwi lolote la kujadili. Cheti cha mapumziko huandikwa kana kwamba kazi zote ni moja: siku 90, muhuri, sahihi. Anachokiona yeye ni siku 90 bila dereva, na kabla ya jioni amekwisha kumpata mwingine. Kwa aliyepasuliwa diski, aliyepona vizuri na mwenye miguu yenye nguvu, cheti hichohicho kingeweza kuandikwa kwa mistari minne, kwa mfano: kuendesha peke yake kwenye lami kuanzia wiki ya sita, abiria mmoja kuanzia wiki ya kumi, hakuna abiria wawili wala gunia kabla ya mwezi wa sita, kiki na bidoni za maji marufuku mpaka daktari aseme. Tarehe zingebadilika kwa kila mgonjwa, na kwa mwenye skrubu zingesogea mbele sana. Ila hiyo ni karatasi ambayo motari anaweza kuiweka mezani kwa bosi wake na kuanza kusemezana.